Mzee Kagonga Lori Dukani

Shoga, weka chini hiyo sufuria usome. Mzee wangu, baba watoto, kaniaibisha dukani.

Si unajua walivyomnyima leseni ya lori kwa sababu ya macho? Basi nikampeleka achague usukani wa michezo ya kompyuta, wa bei nafuu, ule wa kufunga mezani. Muuzaji akampa mmoja ajaribu.

Lori likatokea kwenye skrini. Mzee akainuka, akaizunguka meza. Ati anakagua matairi. Watu wanatazama, nami najifanya simjui.

Akaketi, akaendesha taratibu kama kabeba mayai. Kona ya kwanza akakata, usukani ukagota nusu, hauzunguki zaidi. Lori likaingia ukutani.

Shoga, akavua kofia. Akavua kofia kabisa.

"Miaka thelathini sijagonga hata kuku," akasema.

Muuzaji hakucheka. "Babu, bonyeza hapa, unaanza upya."

"Upya kabisa?"

"Kama hujawahi kugonga."

Mzee akanitazama weee, kisha akamuuliza muuzaji kama kitufe hicho kipo pia cha ndoa.

Nilikuwa nimeshamhurumia, nimeamua kumchukulia ule wa bei ghali unaozunguka wote kama wa lori. Kwa swali hilo, nimelipia huu huu unaogota.