Nyota Uliyosema Unaiona

Mpendwa Yaya Faida,

Wewe ni dada yangu mkubwa na sina desturi ya kukugombeza, kwa hiyo naanza na salamu. Huku kusini, Doornfontein, tu wazima. Cherehani yangu bado inakula uzi, mvua za jioni zimerudi na radi zake, na aliyehamia chumba chako anapika samaki wakavu kila siku mpaka ngazi zote zinanuka kama kwetu Uvira. Ungefurahi. Sasa salamu zimekwisha, nataka tuongee habari ya nyota.

Unakumbuka tulivyoanza. Umeme ulikatika mtaa mzima, ukachukua ufunguo wa geti la kupandia paani kwa msimamizi wa jengo, ukasema unakwenda kuanua nguo. Nguo ulianua kweli, lakini hukushuka. Nilipokufuata nilikukuta umeegemea tangi la maji, kichwa nyuma, mdomo wazi. Ukanionyesha zile nne zinazofanya msalaba, upande wa kusini, juu ya mapaa ya karakana. Nikasema nimeziona, haya tushuke. Ukacheka, kwa sababu ulijua kwa nini nina haraka.

Hakuna mwingine anayejua kwamba naogopa kutazama nyota. Usiku ule tulipoikimbia nyumba yetu kule milimani juu ya Uvira, Mama alikataza taa. Alifunga pindo la kitenge chako kwenye kitenge chake, na pindo la changu kwenye chako, tukateremka kwa mstari kama mbuzi wa mnadani. "Mutazame miguu," alisema. Mimi nilitazama juu. Nyota zilikuwa nyingi mno na zote zimetulia, kana kwamba hakuna lolote lililotokea huku chini, na papo hapo nikajikwaa. Asiyesikia la mkuu. Ndipo ulipovuta kitenge mara moja, kuniuliza kama nipo. Nikavuta kukujibu kwamba nipo. Tuliulizana hivyo mpaka kulipopambazuka, bila hata mmoja wetu kufungua kinywa.

Basi juu ya lile paa la zege ulinitazama nilivyokuwa nimekunja mabega, ukanyoosha mkono. "Leta pindo."

Nilileta. Ukalifunga kwenye lako, sisi wanawake wazima, mmoja mshonaji na mmoja msusi, na nguo za ndani za majirani zikipepea kambani mbele ya jiji zima. Tangu siku hiyo ikawa desturi. Kila Jumapili tukitoka kanisani tulipika, tukala, na giza likiingia tukapanda. Wewe ulitazama juu na mimi nikakutazama wewe. Baadaye nikaanza kutazama juu kidogo.

Kisha ndege ikakuchukua kwenda Norwe. Uwanjani tulikubaliana, ukishika shavu langu: Jumapili giza likiingia, mimi juu ya paa, wewe huko, sote kwenye nyota za msalaba. Nikapanda peke yangu. Nitakueleza ilivyo, maana tangu usiku ule wa kwanza hukuwahi kupanda bila mimi. Siogopi wezi, geti ni la chuma na ufunguo ninao mfukoni. Shida ni kwamba ukitazama juu huwezi kutazama nyuma. Macho yamekwenda mbinguni, mgongo umebaki peke yake. Tangi linagonga, nyaya zinalia, treni inapita kule chini. Ningeshuka mbio kila mara, ila nilijua uko upande wa pili wa ile nyota. Nikishuka nilikupigia simu. Uliniambia, "Naiona, mudogo wangu. Inang'aa kuliko ya kwenu." Ulisema hivyo mwezi wa nne, ukasema mwezi wa sita, ukasema mwezi wa nane.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yako ilikuwa ndefu, Yaya, lakini iliishia miguuni kwa Njeri, yule Mkenya anayefundisha chuoni Braamfontein. Alikuja kupima gauni lake la kitenge. Nilikuwa nimepiga magoti, nakunja upindo, naye akaniuliza habari zako.

"Yuko Norwe," nikamwambia. "Lakini kila Jumapili tunaangaliaka nyota moja, ile ya musalaba."

"Ya msalaba? Aki pole. Huko haionekani."

"Ananiambiaka anaiona."

"Haiwezi kuonekana. Ako kaskazini sana, hiyo haipandi huko hata kidogo. Na June huko hakuna hata giza, jua linakaa tu. Huyo dada yako ama anakupenda sana ama anakudanganya sana."

Nilimchoma pini kwenye kifundo cha mguu. Sikukusudia, lakini sikujuta vile inavyotakiwa.

Jioni ile nilikupigia, na unajua nilivyoongea. Nilikasirika mpaka nikasahau kukusalimu. Sasa nimetulia, nakwambia kilichoniuma. Uongo wenyewe ningeumeza, tumedanganywa na watu wakubwa kuliko wewe. Nilichoshindwa kumeza ni kwamba nilisimama pale na woga wangu wote, wiki baada ya wiki, nikiamini kitenge kimefungwa upande wa pili, kumbe kilikuwa kinaning'inia tu.

Nikasikia unavuta kamasi. "Ningekuambia haionekani, ungeacha kupanda," ukasema. "Na mi ningesimama na nani?"

Nikakuuliza ulikuwa unasimama wapi. Ukasema dirishani, kwa sababu Mzungu mmoja alikuonyesha kusini ni wapi. Kusini kwako kuna ukuta wa jengo jingine. Umetazama ukuta kila Jumapili, mwezi wa sita jua likiwa bado linawaka, ukiniambia nyota inang'aa. Sikujua nicheke au nilie. Nilifanya vyote, na muda wa maongezi ukaisha.

Njeri alirudi kuchukua gauni. Nilimwomba radhi ya mguu, akanisamehe, akasema kuna nyota tatu zilizopangwa mstari mmoja ambazo watu wa kusini na wa kaskazini wote huziona, ila ninyi wa huko mnaziona zimepinduliwa. Zinapendeza mwezi wa kwanza, ambao ndio huu. Nilipokuambia ulisema, "Sawa, tutaangalia hizo," kwa sauti ya mtu aliyekamatwa. Tukapanga Jumapili iliyopita.

Nilipanda. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, zege bado lina maji. Giza lilipokolea nilifunga pindo la kitenge changu kwenye nguzo ya kamba ya nguo, halafu nikajiona mjinga, halafu nikakaza fundo. Nikainua uso. Woga ulikuja uleule, Yaya, haujapungua hata chembe, mgongo wazi na nyota zimetulia kama usiku ule. Zile tatu nilizipata, ni rahisi. Nikavuta kitenge mara moja.

Nguzo haijui kujibu. Nilibaki pale nikiwa nimeshika pindo, nikakukumbuka vibaya, nikasema jina lako kwa sauti mbele ya suruali za majirani.

Nilipokupigia ulisema, "Nimeziona zote tatu." Kisha nikafungua simu kutazama hali ya hewa ya huko kwenu. Theluji ilikuwa inaanguka tangu asubuhi.

Sikukuambia siku ile, ndiyo maana naandika. Huhitaji tena kuniona mtoto wa kushushwa mlima. Jumapili ijayo funga pindo lako kwenye chuma cha kibaraza cha jengo lenu, ukiwa umevaa koti zito. Zikionekana, sema zinaonekana. Theluji ikizificha, sema theluji, Yaya, sema hujaona kitu. Mimi naogopa, na nitapanda hivyo hivyo. Kama hukuziona wewe, nitakuwa nimezitazama kwa ajili yetu wawili, na nitavuta.

Ubaki salama, ujifunike vizuri.

Mdogo wako, wa mwisho kwenye mstari