Nani Aliyekufundisha Kurudisha Mkia?

3 Machi

Mke wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila mgongo unalalamika. Bado napakua malori hapa bohari. Wakati wa chai madereva hubishana, kila mmoja na lugha yake. Kwa mmoja, kupinda ni kuvunja usukani. Kwa mwingine, gari likirudi nyuma linatembea kama kaa. Nikawaambia kwetu gari hula kona. Wakaniuliza kama hushiba.

Mama hajambo? Pikapu umeifunika?

Mumeo

20 Machi

Mume wangu,

Pole na kazi. Sisi wazima, mama anakusalimu. Pikapu ipo palepale. Waambie hao wenzako kwetu gari likirudi nyuma hurudisha mkia. Unakata usukani mapema, mkia unaingia wenyewe, ila ukichelewa kunyoosha umegonga nguzo ya lango.

Mkeo

6 Aprili

Mke wangu,

Natumaini u mzima, mimi nalala mang'amung'amu. Barua yako nimeisoma mara nne. Wewe uliyekuwa hujui breki wala klachi, leo unajua usukani unyooshwe lini? Na hilo la kurudisha mkia nimelisikia kwa mtu mmoja tu, Kipara, dereva niliyefanya naye kazi, yule wa maneno matamu. Dalili ya mvua ni mawingu. Usijisumbue kunijibu. Nimemwandikia kaka, atakuja kuchukua funguo za pikapu.

Mumeo, mpaka sasa

24 Aprili

Mume wangu,

Hujambo? Sisi afadhali ya jana. Shemeji alikuja Jumamosi, nikampa funguo majirani wakitazama.

Umenikataza kujibu, nakujibu. Mwalimu wangu ni mama yako. Neno hilo ni la marehemu baba yako, aliyefariki ukiwa mchanga. Kipara alikuwa utingo wake, akaondoka nalo. Mama alikaa kiti cha pembeni yake miaka kumi na moja. Hadi Jumamosi ile alikuwa akikaa pembeni yangu, haoni vizuri, akisikiliza injini na kuniambia, "Nyoosha, mwanangu, nyoosha."

Jicho lake moja lilizima Januari na hospitali ni mbali, ndiyo maana nikajifunza. Alinikataza kukuambia, alijua utaacha mkataba.

Upasuaji wa jicho la pili ulikuwa Jumatatu iliyofuata. Hatukupata gari. Tumepangiwa tena mwezi wa nane.

Jana alinishika uso kwa mikono miwili, akaniuliza kama ni mimi.

Mkeo