Gunia la Baba Eric

Ekerenyo,
Jumapili

Kwako dada Persis,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua. Hapa tunaendelea. Eric amepanda darasa, na mboga ya chinsaga imeota vizuri nyuma ya jiko. Ningepiga simu, lakini ningelia kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe.

Unakumbuka marehemu Baba Eric, Onyiego wangu, na chai yake ya mboji. Aliloweka mboji kwenye pipa, akaikoroga asubuhi na jioni, kisha akaimwagia migomba. Ulimtania kwamba hiyo ndiyo chai pekee ya Nyamira isiyopelekwa kiwandani. Alipotuacha alikuwa amechekecha mboji gunia moja, akalifunga kwa fundo lake la mara tatu. Likabaki stoo miezi saba, karibu na ule ukuta unaovuja.

Mwezi uliopita niliivua mboji gunia lile juu ya turubai. Dada, sijawahi kuona kitu kama kile. Nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko nywele za mtoto mchanga, zilikuwa zimetambaa kila mahali na kuishika mboji yote, hata ikasimama peke yake kama mtu. Hakuna aliyezipanda. Muda wote tuliokuwa tukilia, zilikuwa gizani zikifanya kazi. Lakini upande wa ukutani palikuwa na ukungu wa kijani na mweusi, uliotoa vumbi kama moshi nilipougusa.

Nilibeba kidogo kwenye mfuko hadi mjini Nyamira, kwa Megha, binti wa duka la pembejeo alikonunua mbegu Onyiego. Nilipotaka kumfungulia anuse, alirudi nyuma akasema, Mama Eric, miaka yote hiyo hata mzee hakuwahi kuninusisha mboji! Tulicheka. Kisha akanieleza polepole kwamba ile nyeupe yenye harufu ya udongo si adui. Ile ya kijani na nyeusi isiingie pipani wala puani. Niinyunyizie maji kabla ya kuigusa, nijifunike pua na mdomo, niirudishe kwenye lundo lenye joto. Pipa nilikoroge lipate hewa, na likitoa uvundo nisilitumie. Hata likiwa zuri, nimwage kwenye mashina ya migomba, si juu ya mboga.

Halafu akaniuliza kama nakohoa.

Dada, kile kikohozi unachokisikia kwenye simu si cha moshi wa jiko kama nilivyokuambia. Tangu tumzike, kila asubuhi nilikuwa nafungua lile gunia, natia uso ndani, navuta pumzi, kisha nalifunga tena kwa fundo lake. Lilinukia kama shati lake akitoka shambani. Ukungu niliuona ukiongezeka, na sikutaka kuacha. Nimekwenda kliniki, na daktari amesema kifua kitapona nikiacha. Nisamehe kwa kukudanganya.

Ile nzuri niliiloweka siku mbili. Juzi nikajifunika pua kwa kitambaa chake, nikaimwagia migomba yote. Mchana mvua ikanyesha. Nilikaa barazani bila kitambaa, na harufu ile ikaja yenyewe, kutoka shamba zima. Sikuhitaji hata kuinama.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Disemba mje na mfuko mkubwa, kuna ndizi zenu.

Ni mimi mdogo wako,
Jemimah