Nani Amewaambia Watu wa Darajani?

Jumatatu, 3 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, mgongo tu unanikumbusha umri. Simu zinasikilizwa siku hizi, ndiyo maana nampa Mama Chai barua hii. Yeye anauza chai kwenye ofisi zote mbili.

Sisi wa shirika la msaada wa chakula na ninyi wa shirika la dawa sasa tutasafiri kwa msafara mmoja. Wakubwa wametia saini na kupigwa picha, meno yote nje. Alhamisi ninaongoza, lori la kwanza. Nani anawaarifu wenye bunduki wa darajani kwamba tunakuja? Zamani kila shirika liliwaarifu lenyewe. Msafara ambao hawakuarifiwa wanaupiga risasi, unajua. Niulizie.

Baba yako

Jumanne, 4 Juni

Shikamoo baba,

Pole na mgongo. Bosi wangu anasema kuarifu ni kazi ya shirika lenu, eti mkataba unasema hivyo. Waulize wenu, tafadhali. Tangu jana sijala.

Binti yako

Jumatano, 5 Juni

Marahaba mwanangu,

Kula. Wangu wanasema ni kazi yenu, mkataba huohuo! Nimewaomba waulizane na wenu, wanasema wataliweka swali hilo kwenye kikao cha wiki ijayo. Wiki ijayo, na safari ni kesho! Naogopa, sikufichi. Nikijisingizia ugonjwa ataendesha dereva mwenzangu Kipara, na mkewe ni mjamzito.

Baba yako

Jumatano, jioni

Baba,

Shikamoo, mengine baadaye. Nimempigia kamanda wa darajani mwenyewe, kwa simu yangu. Ni marufuku, nitafukuzwa wakijua. Nimemwambia baba yangu yuko lori la kwanza. Akacheka. Nenda polepole.

Binti yako

Ijumaa, 7 Juni

Mwanangu,

U mzima? Tumepita. Lakini walinishusha peke yangu. Kamanda akasema, "Mashirika yenu yanatuchosha. Kuanzia leo atupigie yule binti tu, la sivyo hapiti mtu." Kisha akauliza, kwa upole kabisa, unaishi mtaa gani. Nikasema sijui. "Baba gani hajui?" akacheka.

Wakubwa wanapongezana, eti ushirikiano umezaa matunda. Mwanangu, zima hiyo simu. Hamia kwa shangazi leo hii. Usinijibu, wasije wakamfuata Mama Chai.

Baba yako

Jumamosi, 8 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Mama Chai amenirudishia barua ya jana haijafunguliwa. Ofisini hukuonekana. Chumbani kwako umefungwa mlango, na kwa shangazi hujafika.

Humo nilikuandikia usinijibu. Nijibu.

Baba yako