Mume Aliyemo Kwenye Faili

Jumatatu, 3 Machi

Barua imekuja! Bahasha nene ya idara ya uhamiaji. Niliikuta imepenyezwa chini ya mlango nikitoka kazini, alama za barakoa bado ziko mashavuni. Miezi kumi na moja naisubiri. Sikuifungua nimesimama – nilitaka niwe nimekaa, nimevua viatu, nimetulia. Nikakaa kitandani. Nikachana.

Nimeisoma mara nne. Mara ya tano nikaisoma kwa sauti, labda masikio yangeelewa kilichoyashinda macho.

Ombi langu la kumdhamini mume wangu limesimamishwa. Sababu: tayari nina mume hapa nchini. Aliingia miaka minne iliyopita kwa udhamini wangu mimi mwenyewe.

Mume gani?!

Mume ninaye mmoja, yuko nyumbani, anatengeneza mafriji. Fundi wangu. Tuna miaka miwili na miezi mitatu ya ndoa, na ndani yake tumeishi pamoja siku arobaini na moja tu. Likizo zangu mbili. Ameshaanza kujifunza lugha ya huku kwenye simu, kila asubuhi ananitumia sentensi moja. Leo ameandika: "Mvua itanyesha, chukua mwavuli." Bila kosa hata moja.

Wamekosea. Wamenichanganya na mtu mwingine. Kesho naenda kuwaonyesha.

Fundi alipopiga nilimwambia barua bado. Sijui kwa nini nimemdanganya.

Jumanne, 4 Machi

Hawakukosea.

Nimekaa hapa na kalamu na sijui nianzie wapi. Dirisha namba sita. Karani mama mtu mzima, miwani imening'inia kifuani. Akabonyeza bonyeza, akanigeuzia kompyuta kidogo. "Unamfahamu huyu?"

Shemeji! Shem! Mume wa Dada yangu!

Dada yangu wa tumbo moja, aliyenizidi miaka tisa. Aliyenipokea huku. Mumewe ndiye yuko kwenye faili kama mume wangu. Na picha ipo: uwanja wa ndege, siku Shem alipofika, mimi nimesimama ubavuni kwake na maua mkononi. Naikumbuka siku ile. Dada ndiye aliyeshika simu. "Sogea bwana, msogelee shemeji yako, atakung'ata?" Nikasogea. Nikacheka, meno yote nje.

Fomu nayo ipo, na saini ni yangu. Mwaka ule nilikuwa mgeni kabisa. Hospitali ilinileta kwa mkataba, nikapewa kibali cha kudumu; Dada alikuja kwa matembezi na karatasi zake zilikuwa zimeisha siku nyingi. Alinijia jikoni na karatasi tatu. "Weka saini hapa, hapa na hapa. Ni barua ya mwaliko ya shemeji yako." Lugha yenyewe nilikuwa naibabaisha. Halafu nani anasoma anachopewa na Dada? Dada ndiye aliyenishika mkono akanifundisha kuliandika jina langu!

Karani akasema, "Kwa hiyo unamfahamu." Nikajibu, "Ni mtu wa nyumbani." Akaandika kitu. Sijui kaandika nini.

Nimepewa nakala za faili. Mahojiano ni tarehe 21. "Uje na mumeo," akasema. Nusura nimuulize yupi.

Jumatano, 5 Machi

Kazini nasafisha vifaa vya upasuaji. Trei moja ina mikasi kumi na miwili. Leo nimefunga trei yenye kumi na mmoja. Msimamizi aliigundua kabla haijaingia kwenye mashine ya mvuke. Hakufoka. Alisema tu kwamba mkasi ukipungua hapa, kule chumba cha upasuaji watadhani umebaki tumboni mwa mtu. Heri angefoka.

Wakati wa mapumziko nikajifungia chumba cha kubadilishia nguo, nikasoma nakala zote. Cheti cha ndoa. Jina langu, jina la Shem, tarehe ambayo mimi nilikuwa huku, nimesimama kwenye mashine hiihii. Bibi harusi hakuwepo, amewakilishwa.

Na aliyeniwakilisha – Mama.

Saini ya Mama! Ile yake iliyopinda kama anapanda kilima. Nilikaa chini pale kwenye vigae mpaka mwenzangu akagonga mlango.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempigia Mama. Sikumsalimia hata vizuri, Mungu anisamehe. Nikamuuliza: uliniozesha lini?

Nikasikia anafunga mlango upande wake. Akasema Dada alimlilia mwezi mzima. Kwamba angebaki peke yake huku bila mume mpaka azeeke. Kwamba ni karatasi tu, ikishafanya kazi itachanwa.

"Mama, mimi nimeolewa. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo, mwanangu."

Nakumbuka alivyolia siku ya harusi yangu na Fundi. Mashangazi walimzunguka wanambembeleza – mama wa watu, furaha imemzidi. Kumbe.

Akaniomba nisimtaje. Ana presha. Halafu akasema, "Na dada yako usimguse. Ana mtoto." Mimi je, mimi nina nini? Sikumuuliza. Nilikata simu. Sijawahi kumkatia Mama simu maishani.

Jumamosi, 8 Machi

Nimetoka kwa Dada.

Alikuwa dirishani kwenye cherehani yake, anapunguza suruali za watu. Shem yuko zamu kiwandani kwake, kwenye mikate. Kidoti, mtoto wao, alikuwa chini ya meza anavalisha kijiko kitambaa. Miaka mitatu. Akaniparamia, "Mama mdogo! Mama mdogo!" Nikambusu, nikamrudisha chini. Nikaweka nakala juu ya cherehani.

Nilitegemea atakana. Nilijiandaa njia nzima kwa kukana kwake. Hakukana! Aliangalia, akakata uzi kwa meno, akasema, "Hawakupaswa kujua."

Basi. Hawakupaswa kujua.

Nikamwambia mume wangu ananisubiri, Dada. Akasema, "Wa kwangu nilimsubiri miaka mitano. Wewe umesubiri miwili unakuja kunifokea." Nikamwambia umeniozesha mume wako! Akasema nisipige kelele, majirani. Halafu sauti ikabadilika, ikawa ile ya zamani, ya kunisuka nywele. Eti ni rahisi. Naenda kuomba talaka, napewa, namdhamini wangu. Watu wanaachana kila siku.

Talaka. Na shemeji yangu. Ambaye sijawahi hata kumpa mkono bila Dada kuwepo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

Kweli ningekataa. Nililia kwenye ngazi, mpaka chini.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia Fundi kila kitu. Alisikiliza bila kunikatiza, nikashukuru moyoni kwamba nimepata mwanamume mwelewa. Nilipomaliza akauliza kitu kimoja.

"Huyo si ndiye uliyekaa naye nyumba moja?"

Ndiyo. Miezi saba, kabla sijapata chumba. Mimi, Dada na Shem. Nilikuwa nalala sebuleni!

Akasema anajua nilikuwa nalala sebuleni, nilishamwambia. Akasema ameuliza tu. Akasema ana friji ya mteja inamsubiri. Jumapili! Hafanyi kazi Jumapili.

Jumatano, 12 Machi

Wakili. Ofisi yake iko juu ya duka la viatu. Lifti mbovu, nimepanda ghorofa nne. Mwanamke kijana kuliko mimi, anaongea polepole ili nielewe, nikaelewa vizuri mno.

Njia ya Dada haipo. Nikiomba talaka leo, maana yake nakubali kwamba mpaka leo nilikuwa mke wa Shem. Na kama nilikuwa mke wa Shem, basi ndoa yangu na Fundi niliifunga nikiwa mke wa mtu. Si ndoa. Itafutwa, na mimi nashtakiwa kwa kuolewa na wawili.

Njia ya pili: niseme ukweli, kwamba nilidanganywa nikatia saini. Wakiniamini, ndoa yangu inasimama. Lakini Shem atafukuzwa nchini, na watakapomchunguza watamkuta Dada asiye na karatasi, na wote watatu watasindikizwa hadi ndege.

"Na wasiponiamini?"

Akavua miwani. Picha ya maua, akasema. Saini. Anwani moja kwa miezi saba. Akaniambia hivyo bila ubaya, kama daktari.

Nikakusanya nakala zangu, nikashuka zile ghorofa nne.

Jumatatu, 17 Machi

Shem amekuja hospitali! Mlango wa wafanyakazi, saa ya chakula cha mchana. Unga kwenye nyusi. Nilimwona kwa mbali, na kwa mara ya kwanza sikujua nimwite nani.

Tulikaa kwenye benchi la maegesho, mkoba wangu katikati yetu. Hakujitetea. Alisema yeye alijua jina la kwenye cheti siku alipokabidhiwa tiketi, akaona aibu, akanyamaza, aibu ikazidi kukua. Alisema, "Wewe huna kosa hata chembe." Nilikuwa sijaambiwa hivyo na mtu yeyote wiki mbili hizi. Machozi yakanitoka mbele ya madereva wa ambulensi.

Akasema tarehe 21 atakuja mwenyewe, awaeleze. Afukuzwe yeye. Dada na Kidoti wahamie mji mwingine kwa rafiki kabla ofisa hajauliza.

"Dada anajua?"

"Niachie mimi."

Nilirudi kazini nikafunga trei thelathini bila kosa.

Alhamisi, 20 Machi

Siku nne Fundi hajapokea simu. Sentensi za asubuhi zimekoma. Leo mchana ukaingia ujumbe: "Kesho sema ukweli. Hata kama ni ukweli ambao mimi sitaupenda."

Nimeusoma nimesimama katikati ya barabara. Gari likapiga honi.

Anaamini! Anaamini nilikuwa mke wa yule mtu!

Ijumaa, 21 Machi

Naandika kwenye kiti cha korido, ghorofa ya pili, idara ya uhamiaji.

Shem alikuja kweli. Saa tatu kasoro dakika kumi. Shati jeupe limenyooshwa – pasi ya Dada hiyo, mkunjo mmoja mkali kwenye kila mkono. "Usiogope, mdogo wangu," akaniambia. Ofisa ni mwanamume wa makamo, ana mafua. Akachungulia: "Mume aanze." Shem akaingia. Dakika arobaini. Nilikuwa namwombea. Ndiyo, mimi, nimefumba macho hapa kwenye kiti, namwombea asitetereke!

Ofisa akatoka peke yake. Akakaa kando yangu, akapenga kamasi, akaomba radhi. Akasema bwana aliyemo ndani ameeleza yote. Kwamba tulioana kwa hiari. Kwamba tuliishi kama mke na mume miezi saba. Kwamba nilimwacha, nikaenda nyumbani nikaolewa na mwingine bila talaka.

"Nani kasema?" nikauliza. Kana kwamba mle ndani wako kumi.

"Na mwanamke anayeishi naye, na mtoto?" nikamuuliza. Ofisa akaangalia karatasi yake. Amesema ni dada yangu, alimwonea huruma nilipomtelekeza, akampa pa kulala. Mengine yakaja yenyewe.

Nikakumbuka Jumatatu.

Benchi lile. Unga kwenye nyusi. "Huna kosa hata chembe."

Ofisa amenipa karatasi na ubao wa kuandikia. Ameandika maswali mawili kwa mkono wake. Nusu saa, akasema, halafu atarudi kuichukua. Akaingia, akafunga mlango. Kupitia kioo cha ukungu naona weupe wa shati umekaa, hautikisiki.

Dada amepiga simu mara tano. Sijapokea. Sasa ujumbe: "Kubali tu mdogo wangu nakupigia magoti. Wewe una kazi utapata mwingine. Sisi hatuna pa kwenda."

Utapata mwingine!

Kwa hiyo alijua. Shati alilinyoosha akijua litakwenda kusema nini.

Swali la kwanza: Je, mtu huyu ni mume wako? Nimeandika hapana. Nimeandika kwa herufi kubwa, karatasi imetoboka kidogo.

Swali la pili: Kama hapana, ni mume wa nani? Taja jina kamili na mahali anapoishi.

Jina la kwanza la Dada nimeshaliandika. Sijui lini, naliona tu lipo pale, kwa mwandiko wangu. Linalofuata ni jina la baba yetu, ambalo ni langu pia. Kitasa kinazunguka. Nusu saa haijafika, bado dakika nane, na kitasa kinazu