Tambara la Kijani na Sanduku la Taa ya Bluu

Jumapili, Februari. Joto, vumbi hadi kwenye majani ya kahawa, na mlima umejifunika tangu nilipotoka kanisani. Nina hasira ndogo leo, ile isiyopiga meza. Inakunja midomo tu.

Shemeji Godlisten, kaka wa marehemu mke wangu, ameondoka alfajiri kurudi Dar. Ameniachia sanduku lake mezani ili nilifikirie.

Nimelifikiria. Nalidharau.

Kwa anayesoma blogu hii mara ya kwanza: mke wangu Aikande alikuwa akipiga picha za nyota, hapahapa kijijini Kirua. Mimi nilikuwa mbeba betri. Alifariki mwaka jana akiwa katikati ya picha moja, ya galaksi jirani inayoonekana chini upande wa kusini. Picha za namna hiyo hazipigwi mara moja. Unakusanya mwanga jioni moja, na nyingine, na nyingine, kisha kompyuta inaupanga tabaka juu ya tabaka. Yake imefika nusu. Nataka kuimaliza.

Zamani tulikuwa tunabeba kila kitu mpaka uwanja wa shule, kwa sababu kihambani, shamba letu linalozunguka nyumba, migomba iliziba anga. Siku ya kuchimba kaburi lake, vijana walikata migomba ya upande wa kusini ili turubai la waombolezaji lipate nafasi. Turubai likaondolewa, anga likabaki. Sijui nishukuru au nifanyeje. Najua tu kwamba machipukizi ya migomba yananifika kiunoni, na masika yanakuja.

Ndiyo maana nilimwomba ushauri Godlisten, injinia wa mitambo ya simu. Shida yangu ni umeme. Betri moja ya sola inalisha injini inayozungusha darubini, kamera yenyewe, kamera ndogo ya kuongoza, na hita ya kuzuia umande kwenye lenzi. Hita ikiwaka, umeme unalegea, habu ya USB, kile kigawanyio cha nyaya za kompyuta, inaipoteza kamera ndogo, na nyota zinageuka mistari. Halafu darubini ikizunguka inavuta nyaya kama ng'ombe aliyechoka kufungwa.

Jana mchana akaja na sanduku. Jeusi, zuri kama kiatu cha harusi. Linagawa umeme na USB kwa vifaa vyote, unaliamuru kwa simu. Basi liamuru! Lilikataa kuwaka mpaka lijiandikishe kwenye intaneti. Hapa kwangu mtandao unapatikana ukisimama juu ya jiwe la kufulia. Kwa hiyo injinia mzima, na raba zake nyeupe, akapanda jiwe la kufulia kuomba ruhusa ya kuwasha hita. Jirani yangu, Mama Ndeanasia, alikuwa anapita na mzigo wa majani kichwani.

"Shikamoo mama," Godlisten akaamkia kutoka juu.

"Marahaba baba. Unahubiri?"

Lilipowaka hatimaye, likatoa taa. Taa kali ya bluu, haizimiki, juu ya chombo cha kupigia picha giza. Nani alikaa akabuni hivyo? Amewahi kutoka nje jioni huyo mtu?

Hayo ningeyavumilia. Watu hununua vitu vya kijinga kila siku, na vingine wanavipiga picha.

Lakini akaanza kupangua vifaa vya Aikande. "Shemeji, hizi waya ni utumbo wa mbuzi," akasema. "Na hili tambara?"

"Mkanda wa hita. Kashona dada yako."

Ni kitenge cha kijani, kipande kilichobaki kwenye sare yake ya kwaya. Alishonea waya wa joto ndani yake kwa mkono, amekaa kwenye kigoda jikoni. Kila uzi ulipoisha alinipa sindano nimtungie, maana vitu vya karibu vilikuwa vimeanza kumpa shida. Nyota aliziona vizuri sana.

Godlisten akaligeuzageuza. "Haliingii kwenye sanduku. Matundu haya yanataka mkanda wao, unaagizwa nje. Hili liweke kabatini, shemeji. Kumbukumbu."

Kumbukumbu! Kabatini kuna mende.

Nilimwongezea chai. Mimi dharau yangu huwa naimimina pamoja na maziwa.

Najua naye amefiwa. Nilimwona akilikunja lile tambara taratibu, kona kwa kona, kabla ya kunirudishia, na baada ya hapo hakulitazama tena. Pengine kabati analihitaji yeye. Mimi silihitaji.

Tena niwe mkweli: kuhusu nyaya alisema sawa, na inaniuma. Zile zangu ni nyembamba mno na ndefu mno, umeme unachoka njiani. Kesho nitashuka mjini, Pasua, kwenye maduka ya vipuri vya magari, nichukue nyaya nene na kisanduku cha fyuzi, kila kifaa na fyuzi yake. Habu nitatafuta ya chuma, inayopokea umeme wake yenyewe, niifunge kwa skrubu juu ya darubini ili nyaya mbili tu zishuke chini. Hakuna simu. Hakuna kujiandikisha. Hakuna kuhubiri juu ya jiwe.

Tambara litakuwa na betri yake peke yake, lisimnyang'anye mtu umeme. Hilo sikuweza kusubiri kesho. Mchana huu nimefungua betri ya pikipiki, nikaunganisha, nikalivingirisha kwenye lenzi, nikakaa kando.

Mama Ndeanasia akapita tena. Alitazama darubini, akatazama machipukizi.

"Hapa utapanda lini, baba Neema? Kihamba hakiachwi uchi."

"Mvua zikianza, mama."

Nimeshasema, na kwake huwa siongopi. Kwa hiyo anga hili ni la wiki chache tu.

Alipoondoka nilishika tambara. Lilikuwa limepata joto. Si kali, joto la kiganja cha mtu.

Sanduku la shemeji nimelifunika kwa sufuria, bado linamulika kwa chini kama lina siri. Mlima umeanza kufunguka, na kusini ni kweupe. Nikifanikiwa, kompyuta itaupanga mwanga wa Aikande na wangu tabaka juu ya tabaka, wala haitaniuliza upi ni wa nani.