Gari Siuzi, Kaka

Hekaluni, Kijiji cha Kamitsuzawa,
Aizu, Japani.
24 Februari 2019

Mpendwa Kaka Norihide,

Salamu nyingi kutoka kwetu huku kwenye baridi. U hali gani? Wifi Luciana naye, mgongo umepoa? Na Marina bado anakataa mboga, au shule imemnyoosha? Sisi hatujambo. Mama goti linamsumbua asubuhi, lakini likishapata joto la jiko anaanza kugombana na redio kama kawaida yake. Theluji ya mwaka huu imetukomesha. Juzi nilipanda paani kuiparua, na nilipomaliza upande wa kusini, upande wa kaskazini ulikuwa umeshajaa tena.

Barua yako niliipata. Niliisoma nimesimama mlangoni, viatu sijavua. Kurasa tatu, kaka, na zote ni habari ya gari langu. Kwamba niliuze. Kwamba mwanamke aliyevaa kanzu ya kuhani hana shughuli na mchezo wa kuserereka na magari. Kwamba marehemu Baba angesikitika. Nimengoja nitulie ndipo nishike kalamu, maana jibu la siku ile posta wasingelipokea.

Naona Mzee Kuroiwa amekueleza nusu, basi nikupe nusu iliyobaki. Unajua yeye ndiye mwenyekiti wa wazee wa hekalu. Tangu Baba afariki kazi zote nazifanya mimi: mazishi, mizunguko ya Obon, sikukuu ya kuwakumbuka wafu, nyumba kwa nyumba, kengele ya alfajiri, na hilo paa. Lakini kusimikwa, bado. Sasa wazee wamenipa chaguo. Niachane na gari, wanisimike mwezi ujao wakati wa Higan, waumini wakija makaburini. Nikikataa, hekalu watampa kuhani wa mjini, ambaye tayari ana mengine matatu na hili letu atalifunga kufuli. Na nyumba hii ni ya hekalu. Mimi na Mama tutafungasha. Mama aliingia humu akiwa bibi harusi, kaka. Kwa hiyo ninaposema gari siuzi, usidhani sijui ninacheza na nini.

Mambo yalianza hivi. Mwaka ule wa mazishi ya Baba, kigari cheupe cha hekalu kiliharibika klachi, nikakipeleka kwa Nagakubo, fundi wa pale darajani, uliyesoma naye. Alikuwa anakwenda kujaribu gari kule mlimani, kwenye uwanja wa kuserereka. Akaniambia, "Mtawa, panda, nikimaliza nitakurudisha." Nikapanda na kanzu yangu. Kona ya kwanza tu, gari likaenda ubavu. Pua inatazama mlima, sisi tunaelekea bondeni, moshi na makelele, na yeye ametulia kama mtu anayemimina chai. Nilicheka, kaka. Nilicheka mpaka nikatokwa na machozi, na yalipoanza hayakukoma. Siku ya mazishi sikulia, mimi ndiye niliyekuwa nasoma sala. Nagakubo akasimamisha gari, akaniuliza kama nimeumia.

"Zungusha tena," nikamwambia.

Baada ya hapo ikawa ni kutafuta gari. Mimi, kama kila mtu wa mchezo huu, nilitaka gari aina ya Silvia. Nagakubo alinicheka. "Hizo zimekwisha. Wageni wamezipakia melini zote, na hizo chache zilizobaki utauza hekalu pamoja na kengele upate moja." Akanifundisha namna ya kuchagua. Gari liwe linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Gia ziwe za mkono. Lisiwe fupi sana, maana gari fupi linakugeuka kabla hujajua umekosea nini. Lisiwe na nguvu za kukutisha, maana anayeanza na gari la nguvu hujifunza kukanyaga mafuta tu, basi. Na vipuri vyake viwe vimejaa kwa wauza magari mabovu, kwa sababu utaligonga, hilo halina mjadala. Nami nikaongeza sharti langu: liwe na milango minne. Kila Alhamisi nawapeleka Bibi Masue na wenzake hospitali, na wale bibi hawawezi kuruka viti.

Basi nikapata Mark II, la miaka ya tisini, jeupe. Mwenyewe alikuwa mfamasia mstaafu aliyelitumia kwendea gofu. Lilikuwa la otomatiki, Nagakubo akalipandikiza giaboksi ya mkono kutoka Chaser iliyokufa. Bawa la juu ya gurudumu la mbele kushoto ni la rangi ya kijivu, sijalipaka mpaka leo. Vijana wa uwanjani walipoliona walisema, "Shangazi kaja na gari la babu." Nikawaacha waseme. Gari la babu lina nafasi ya tairi nne za akiba kwenye viti na mbili kwenye buti.

Kujifunza kwenyewe kulinitoa ujeuri. Unaanza na duara moja, kwenye lami iliyomwagiwa maji, unazunguka koni moja kama ng'ombe wa kinu. Unakanyaga mafuta, mkia unatoka, na hapo ndipo mikono inataka kuung'ang'ania usukani. Usiung'ang'anie. Unauachia ujirudie wenyewe viganjani, unaudaka pale unapoutaka. Mimi nilikuwa naudaka mapema kila mara, najikuta natazama nilikotoka. Nagakubo anapiga kelele kutoka pembeni, "Macho yako wapi?" Namjibu, mbele. "Mbele ya gari au mbele ya safari?" Ikanichukua kiangazi kizima kujua kwamba si kitu kimoja. Gari likienda ubavu, safari mara nyingi iko kwenye kioo cha dirisha la ubavuni.

Siku ya kwanza nilitoka kwenye mazishi ya muumini mmoja moja kwa moja, nikasahau kengele ya sala kwenye buti, ile ya shaba ya Baba. Gari lilipozunguka, kengele ikaanza kujipigapiga huko nyuma. Vijana wakaja mbio na jeki, wakidhani difu limekatika. Tangu siku hiyo wananiita Kengele. Nagakubo yeye hasifu mtu. Anaamini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Siku nilipounganisha kona tatu bila gari kuzima, alikuja, akainama, akasema, "Tairi zako zimekwisha." Nililala na furaha siku hiyo.

Kisha mtu akanipiga picha nikivaa helmeti. Inaniingia vizuri, upara wa kuhani una faida zake. Picha hiyo ilifika duka la ushirika kabla mimi sijafika nyumbani, na wazee wakaanza vikao. Bibi Masue akaja kwangu na mpango, mdomo umejaa figili za Mama. "Sema ni kwa ajili ya theluji. Njia ya kwenda kwa akina Hoshi ikiganda ni kioo, na kuhani lazima amfikie maiti. Wataelewa, na mimi nitakuunga mkono."

Ni kweli, kaka, kule kwa akina Hoshi nimefika mara mbili mwaka huu kabla ya gari la kuparua theluji. Lakini sikujifunza kwa ajili hiyo. Nilijifunza kwa sababu napenda. Ni kitu cha kwanza katika maisha yangu ambacho hakuna mtu aliyenirithisha wala kuniagiza. Nikamwambia nashukuru, ila siwezi kusoma sala asubuhi halafu mchana nikadanganya kuhusu gari. "Mkaidi kama baba yako," akasema. Nikamwongezea chai.

Jumapili iliyopita wakaniita kwenye ukumbi wa kijiji. Wazee saba wamezunguka jiko la mafuta ya taa, na Bibi Masue na kina mama wengine jikoni wanaandaa chai. Mzee Kuroiwa hakunizungusha. "Binti, huo ufunguo uweke hapa. Higan tunakusimika, yameisha."

Sitakuficha. Mkono wangu uliingia ndani ya kanzu, nikautoa ufunguo, nikauweka kwenye mkeka. Nilimfikiria Mama na goti lake kwenye ngazi za nyumba ya kupanga mjini, nikaona gari ni chuma tu. Vidole vyangu vilikuwa bado juu yake. Kisha nikauliza, hata sijui kwa nini, "Mtanisimika niwe kuhani wa hekalu hili?"

Wakatazama jiko. Mzee Kuroiwa akakohoa. "Tutakusimika ushike nafasi. Mpaka Norihide arudi."

"Na asiporudi?"

"Hajasema harudi."

Na wote saba wakatikisa vichwa kukubali, kaka, kana kwamba umetoka kwenda dukani mara moja. Hapo nikaelewa. Gari lilikuwa kisingizio. Ningeliuza leo, kesho wangepata kasoro kwenye namna ninavyopiga kengele, na kesho kutwa kwenye sauti yangu. Wasichokitaka ni mimi, na wanachokingoja ni wewe. Nikauchukua ufunguo wangu.

"Gari siuzi," nikawaambia.

"Na hekalu?" akauliza Mzee Kuroiwa.

"Hekalu nalo sihami. Anayetaka kunitoa aje na koleo, aanze na paa."

Nikatoka. Uwanja wote wa ukumbi ulikuwa theluji. Nikaliwasha gari, nikauzunguka mlingoti wa bendera duara moja kamili, mkia nje, polepole, macho yangu kwenye kioo cha dirisha la ubavuni, nikiwatazama wote saba dirishani mwa ukumbi. Sikuugusa mlingoti. Mama amepata habari kwamba kina mama jikoni walipiga makofi. Sijutii, na usiniandikie nijute.

Sasa nije kwako. Sikulaumu kwa kuondoka. Ni mimi niliyekubebea sanduku mpaka stesheni, na nilifurahi kwa ajili yako. Lakini miaka kumi na minne kila ukiulizwa unaandika "tutaona". Ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo yanayoumia ni ya huku, si ya Curitiba huko Brazili. Umejenga huko. Umeoa huko. Mtoto wako anaota kwa lugha ya huko. Wewe unajua hurudi, mimi najua hurudi, na kijiji kizima kinamwekea kiti mtu asiyekuja, huku aliyepo anasimama.

Najua kwa nini huliandiki neno hilo. Unamwonea huruma Mama, ambaye kila mwaka mpya analianika godoro lako juani. Basi jana nilimuuliza kama anadhani utarudi. Alikuwa anamenya figili, akaimaliza ile iliyokuwa mkononi. Kisha akasema, "Nilijua siku Marina alipozaliwa. Nimekuwa nangoja aniambie mwenyewe, nisije nikaonekana ndiye niliyemfukuza."

Kwa hiyo, kaka, kurasa tatu za gari sizihitaji. Nahitaji mstari mmoja, kwa mkono wako, kwa Mzee Kuroiwa: sitarudi. Kama mstari huo unakushinda, panda ndege kabla ya Higan, unyoe kichwa, nami nitakukabidhi kanzu, kengele na koleo la theluji, nikuinamie mbele ya wote na nisinung'unike. Lakini usibaki katikati. Mimi ndipo ninapoishi, hapo katikati ulipopaacha.

Ila uanze na Mama. Kwake usiandike. Piga simu, iko kando ya redio anapokaa, atasikia.

Nisalimie Wifi Luciana, mwambie kahawa yake ilifika salama na wazee wa hekalu wameinywa yote bila kujua imetoka kwa nani. Mbusu Marina. Akija kututembelea nitampandisha kwenye gari, kiti cha mbele, na wewe utakaa nyuma na tairi. Nagakubo anakusalimu, anasema bado una bisibisi yake. Mama anakusalimu sana, naye amenionya nisikuandikie kwa hasira. Nimejitahidi.

Buddha akulinde wewe na nyumba yako, na akupe ujasiri wa maneno mawili matatu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, leo na hata ukinikasirikia,

Shizuyo